Mlango Wangu Waingia Jaridani

Juma lililopita tuliachana nikiwa nimesimama uani, naitazama kamba yangu ya kuanikia nguo. Kwenye kamba zilining'inia picha za wino mweusi, zimebanwa kwa vibanio vyangu. Mashuka yangu yalikuwa yamelazwa juu ya matofali, kama wagonjwa waliokosa vitanda.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa kuvumilia. Kumbe nilikuwa nimelowa nyayo tu, mto wenyewe bado.

Aliyechelewa kuingia nimsogezee kiti. Mimi ni mjane, nina nyumba yangu, na nina binti mmoja aliyeolewa na msomi. Msomi huyo alipoachishwa kazi ya kufundisha chuoni, walikuja kwangu kupumzika wiki mbili. Wiki hizo mbili hazijaisha hadi leo. Ni wiki ndefu. Nadhani ni za kisomi.

Akiwa kwangu akaanzisha jarida. Si la habari, maana habari zina faida. Ni jarida la sanaa na fasihi: hadithi, mashairi, na katika kila toleo picha moja halisi.

Nikauliza, picha halisi ndiyo ipi?

"Mama, si ya mashine," akanifafanulia. "Msanii anachonga picha kwenye ubao. Ubao unapakwa wino, karatasi inalazwa juu yake, inasuguliwa kwa mkono, inabanduliwa. Msanii anatia sahihi kwa penseli. Nakala hamsini tu, basi."

Kusugulia walitaka kitu cha mti, laini, chenye mgongo wa mviringo. Wakauchukua mwiko wangu. Tangu siku hiyo chakula cha nyumba hii kina ladha ya fasihi.

Mkwe wangu sasa anaitwa Mhariri, hata na mkewe. Mchongaji wake anaitwa Patasi, kijana mpole ambaye huja asubuhi na kuondoka chakula kikiisha. Na juu yao wote yuko Mama Miwani, mlezi wa jarida, anayenunua karatasi na wino. Huyu nilikuwa nikimsikia tu. Jina lake likitajwa, Mhariri hukaa wima hata kama alikuwa amelala.

Haya, sasa tuanze ya juma hili.

Nilikwenda kwa mdogo wangu, alikuwa anaumwa mgongo. Nikakaa siku chache nikarudi. Nikaingia ndani na kibegi changu, nikafika chumbani, nikanyoosha mkono kushika kitasa.

Nikashika pazia.

Nilisimama pale kidogo. Uzeeni mtu hujipa nafasi, labda ni macho. Nikalifunua pazia, nikalirudisha, nikalifunua tena. Mlango haukuwepo. Bawaba zilikuwa zimebaki kwenye fremu, zimeachama kama wambea waliosikia habari nzito.

"Mlango wangu uko wapi?"

Binti yangu akatoka jikoni anajifuta mikono. "Mama, karibu! Mama mdogo hajambo?"

"Hajambo. Mlango wangu uko wapi?"

"Pole na safari, mama. Kaa kwanza nikuletee maji."

Ukiona mtu anakuletea maji kabla ya jibu, ujue jibu lenyewe halimezeki bila maji. Sikukaa. Nilikwenda sebuleni.

Mlango wangu ulikuwa umelazwa chali juu ya viti vyangu, na Patasi amepiga magoti kando yake, anauchimba. Vipande vya mti vilikuwa vimejaa sakafuni hadi chini ya kochi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mlango umekukosea nini, mjukuu wangu?"

"Ah, Bibi! Mbao za dukani siku hizi ni uji uliogandishwa. Ukigusa zinamomonyoka. Lakini mti huu, Bibi! Mti huu unaitikia!"

"Unaitikia nini?"

"Patasi."

"Na mimi ninayelala nyuma yake, hukuona uniite nami niitikie?"

Akakuna kichwa. "Mhariri alisema Mama hana neno."

Hilo ndilo jina langu la pili katika nyumba niliyoijenga. Kochi likasogezwa, Mama hana neno. Mwiko ukapakwa wino, Mama hana neno. Na kweli huwa sina. Mtu na mkwewe hawarushiani maneno, wanarushiana salamu. Ukianza kumjibu mkwe, utamwachia nini binti yako ajibu?

Ila mlango ule haukuwa mlango tu.

Marehemu mume wangu alikuwa seremala, na kinyozi hajinyoi. Mji mzima unalalia vitanda vyake, mimi nilimaliza ndoa yangu nikiahidiwa kabati. Niliahidiwa kabati nikiwa bibi harusi, nikaahidiwa nikiwa mzazi, nikaahidiwa nikiwa na mvi. Siku anafariki nilikuwa bado natoa nguo zangu kwenye masanduku.

Kitu kimoja tu alikimaliza. Juma lile tulilooana, alikuja ameubeba mlango huo begani, jasho linamtiririka, akauegemeza ukutani na kusema, "Huu hauna mwenzake." Basi. Hakuwa msemaji. Maneno mengine nilijijazia mwenyewe, na nimeyaishi miaka yote hiyo. Kila aliponiudhi niliingia chumbani, nikaufunga, nikautazama, nikasema: aliyenitengenezea huu hawezi kuwa hanipendi.

Baada ya kumzika niliendelea kuupaka mafuta. Watu hupeleka maua, mimi napaka mafuta.

"Mama!" Mhariri aliingia amekumbatia makaratasi. "Umeuona? Umeiona kazi?"

Niliitazama kazi. Ilikuwa ajuza mmoja amekaa, sufuria tupu mapajani, kichwa kimegeuka upande mmoja kama anayesubiri mtu aliyekwisha sahau kuja. Nywele hazijachanwa. Shingo kama ya kuku anayeugua.

"Nani huyu?"

"Ni Subira," alisema Mhariri. "Subira ya binadamu wote."

"Ni wewe, Bibi," alisema Patasi, ambaye bado hajasoma vya kutosha kudanganya. "Nilikuchora siku ile uliposinzia uani."

"Asante. Na hili shimo hapa karibu na sikio langu?"

Patasi alifungua mdomo, Mhariri akamwahi. "Hilo, mama, ni jicho la umma. Katika utangulizi nimeandika kwamba jicho hilo ndilo kiini cha toleo zima."

Ni tundu la ufunguo. Lakini mimi niliishia darasa la tatu, na darasa hilo hatukufika kwenye macho ya umma.

Alinisomea na shairi lake litakalokaa ukurasa wa pili. Nalikumbuka mstari mmoja: *Mlango ni jeraha lililojifunza kufunga.* Nikamwambia kweli, baba, ni jeraha, usiku nalala na pazia na naliona wazi. Akafurahi sana. Akadhani nimeguswa.

Nikajikaza, nikauliza moja tu. "Mkimaliza kupiga chapa, mlango utarudi kwenye bawaba zake?"

Mhariri alitazama dari. "Mama, kila kitu kitapata heshima yake."

Mimi, mtoto wa watu, nikaridhika. Nikasema moyoni, mlango wenye nakshi nao ni mlango. Wako matajiri wanaolipia kuchongewa. Mimi nimechongewa bure, tena sura yangu mwenyewe. Nikifunga nitakuwa najitazama, nikifungua nitakuwa najipisha. Mvumilivu hula mbivu.

Basi wakapiga chapa. Walipaka wino, wakalaza karatasi, wakasugua na mwiko. Nilikuwa nikipita na ndoo nikaona karatasi ya kwanza ikibanduliwa. Ajuza alikuwa amegeuka! Mlangoni anatazama kulia, kwenye karatasi anatazama kushoto.

"Ndivyo inavyokuwa, Bibi," Patasi akanieleza. "Ni kama muhuri. Kinachokaa kulia kwenye ubao kinatokea kushoto kwenye karatasi."

Nikasema sawa. Hata mimi ningelazwa kifudifudi nikasuguliwa na mwiko ningegeuka.

Jarida likatoka. Likasifiwa na wote walioandika ndani yake. Siku hiyo nikafagia chumba changu, nikazitia bawaba mafuta, nikawa nangoja.

Ijumaa mchana nikamkuta Patasi amekaa kizingitini ananoa msumeno.

"Unajenga nini?"

"Sijengi, Bibi. Kesho si tunaua ubao?"

"Mnaua ubao gani?"

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Hukuambiwa? Bibi, picha za namna hii zina kawaida yake. Ukimaliza nakala ulizoahidi, lazima ubao uuawe mbele ya mashahidi, ili asitokee mtu akapiga nyingine kwa siri. Aliye na nakala yake ajue hazitaongezeka. Kwa kawaida unachora tu mkato mmoja wa patasi, kona hadi kona."

"Mkato mmoja." Nikapumua. "Mlango wenye mkato mmoja bado unafunga."

"Ndiyo, lakini Mama Miwani amepiga simu. Amesema mkato unaweza kuzibwa. Ametaka ukatwe vipande viwili kwa msumeno. Kimoja atakitundika kwake."

Niliingia jikoni moja kwa moja. Binti yangu alikuwa anamenya vitunguu, kwa hiyo machozi alikuwa nayo tayari, hakuhangaika kuyatafuta.

"Ulijua?"

"Mama..."

"Mlango wa baba yako. Ulijua?"

"Nilijua. Niliogopa kukuambia." Akaweka kisu. "Mama, mtazame yule mtu. Kabla ya jarida alikuwa anaamka saa ngapi? Alikuwa haogi. Alikuwa anakaa pale kwenye kochi anaangalia ukuta, nikimuita ananiitikia kama yuko kisimani. Sasa anaamka, ananyoa ndevu, anagombana na watu kwenye simu. Nimempata mume wangu tena. Mama Miwani akijitoa, jarida limekufa, na huyu namrudisha kochini. Nitafanya nini?"

"Tafuta ubao mwingine mkaukate huo."

"Watu wamekwisha kuiona picha, mama! Wanakuja kushuhudia picha ile ile. Nivumilie mara hii moja. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa."

Kweli hajawahi. Huwa anachukua tu.

Nikarudi chumbani, nikalifunga pazia, maana hasira nayo inahitaji faragha. Nikaamua. Subira yavuta heri, walisema, lakini mimi nilikuwa nimeivuta kamba hiyo miaka na miaka na mwisho wake sijaona kilichofungwa. Kesho, mbele ya wote, nitasema neno moja: hapana. Nikalifanyia mazoezi. Nilimwambia ukuta hapana, nikaliambia sanduku hapana. Sanduku lilinielewa vizuri sana.

Jumamosi nikavaa gauni langu la harusi za watu. Wasomaji wa jarida wakafika, wamekaa kwenye mabenchi ya kuazima, nusu yao wamevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Mlango ulikuwa katikati ya sebule, umefunikwa. Umefunikwa na nini? Na shuka langu, bila shaka.

Halafu gari likasimama nje, Mhariri akakaa wima, akaingia Mama Miwani.

Nilikuwa nimemtarajia mwanamke wa makamo. Kumbe ni wa rika langu, ila mwenzangu uzee ulimjia kwa gari. Miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, kiatu cha ngozi, mkoba mkononi. Akanipa mkono.

"Hujambo, dada. Ndiwe mwenye nyumba?"

"Ndimi niliyekuwa."

Akacheka kidogo. Sikuwa nimetania.

Mhariri akasimama. "Mabibi na mabwana, leo tunashuhudia kifo. Ubao huu umezaa watoto hamsini, na mzazi mwenye heshima hujua wakati wa kuondoka." Hapo akanitazama mimi, sijui kwa nini. Akaendelea hivyo mpaka benchi moja likaanza kulia kwa uzito.

"Mwanangu," akasema Mama Miwani, "funua tukate."

Shuka likaondolewa. Patasi akashika msumeno. Nami nikajaza kifua hewa, neno langu liko tayari ulimini.

Mama Miwani alikuwa amesogea karibu. Aliinama. Kidole chake kikapita pembeni mwa mlango, taratibu, kama anayepapasa kitambaa dukani, kikafika mahali kikasimama. Akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Huu si ubao wenyewe," akasema.

Tabasamu la Mhariri likafa kabla ya ubao. "Samahani, Mama Mlezi?"

"Huu sio. Picha niliyonayo nyumbani, huyu bibi anatazama kushoto. Hapa anatazama kulia."

"Ndivyo inavyokuwa, mama," akasema Patasi. "Ni kama muhuri, yaani..."

"Kijana, unanifundisha kushoto kwangu?"

"Hapana, mama, mimi nasema tu kwamba..."

"Nimewanunulia karatasi. Nimewanunulia wino. Leo mnanileta kunionyesha mlango wa chumba cha mtu, mnataka niamini ni ubao wa sanaa! Mlango wenyewe una tundu la ufunguo!"

"Hilo ni jicho la umma," akasema Mhariri kwa sauti ndogo.

"Nimesema ni tundu la ufunguo."

Nilimpenda ghafla. Mtu analea jarida la picha za kuchapwa na hajui kwamba zinageuka! Ujinga nao ni kipaji, ukitokea siku inayofaa. Nikalimeza neno langu, nikatulia kama maji mtungini.

Mabenchi yakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kumbe ubao halisi umefichwa ili nakala ziendelee kuchapwa kwa siri. Mwingine akasema alihisi tangu mwanzo. Mhariri anaeleza, hakuna anayemsikiliza. Jasho lilikuwa linamdondoka kwenye utangulizi wake.

Binti yangu akanishika mkono, akaubana. "Mama, sema. Waambie ndio huu. Wewe watakuamini. Mama, atachafuka!"

Kabla sijamjibu, Mama Miwani akanigeukia. "Dada, wewe ni mtu mzima mwenzangu, huwezi kudanganya mbele ya watu. Huu ni mlango wako, au ni ubao wao wa picha?"

Mabenchi yote yakanigeukia.

Nilikuwa nimefanya mazoezi ya hapana. Swali hilo halikuwa na mahali pa hapana. Nikisema ni ubao, msumeno. Nikisema ni mlango, nimemwita mkwe wangu tapeli mbele ya wasomaji wake, na binti yangu amerudi kumpikia mtu anayetazama ukuta. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya wangu, una baridi.

"Ni mlango wangu," nikasema. "Ulikuwa mlango wangu kabla hawa hawajajua kusoma."

Na sikudanganya. Hata mbinguni nitajibu hivyo hivyo.

Mhariri akakaa juu ya rundo la majarida. Binti yangu akauachia mkono wangu, kidole kimoja kimoja. Patasi alitazama miguu yake. Nilikuwa nimeupata mlango, na nikahisi kama nimeiba.

"Asante, dada," akasema Mama Miwani. Akawageukia wengine kana kwamba hakuna lililotokea. "Basi kama huu ni mlango, hatuna cha kukata leo. Mhariri, inuka. Ubao wako utautafuta, utauua kwa wakati wako, mimi sina haraka. Karatasi za toleo lijalo nitaleta kama kawaida."

Mhariri akainua kichwa. "Utaleta?"

"Nimesema nitaleta. Au nawe unataka kunifundisha?"

Mhariri akacheka kwa nguvu kupita utani wenyewe. Wenye mabenchi nao wakacheka, wakaanza kuulizia chai. Binti yangu akanitazama, akaushika tena mkono wangu. Jarida limepona, mkwe amepona, mlango wangu mzima. Nikasema kimoyomoyo, wahenga nisameheni, subira kweli yavuta heri.

Heri yenyewe ilidumu muda wa kumimina kikombe cha kwanza.

"Sasa, dada," Mama Miwani akanikaribia, ameshusha sauti, "niuzie."

"Nikuuzie nini?"

"Mlango huu."

"Siuzi."

"Sema unachotaka."

"Hata ukinipa gari lako, na dereva ndani. Marehemu mume wangu alikuwa seremala. Hakunitengenezea kabati, hakunitengenezea kitanda, hakunitengenezea hata kigoda. Alinitengenezea huu. Siuzi ng'o."

Akanitazama. Hakukuwa na dharau katika uso wake, na afadhali ingekuwepo, dharau naijua dawa yake.

"Alikuambia kwamba alikutengenezea wewe?"

"Alisema hauna mwenzake."

"Hilo ni kweli," akasema. "Hauna."

Akamwita Patasi. "Kijana, njoo. Tazama ukingo huu hapa, upande wa kitasa. Pale nilipogusa, na mahali pengine chini. Unaona nini?"

Patasi akainama na msumeno wake. "Naona... ah! Kuna vibao vidogo vimepachikwa, kimoja juu, kimoja chini. Vimezibia." Akapapasa. "Bibi, bawaba zilikuwa huku mwanzo. Mlango huu uliwahi kufungwa upande mwingine, zikang'olewa."

Vibao hivyo navijua. Miaka yote hiyo nilidhani ni urembo. Nilikuwa nikivipaka mafuta zaidi ya mahali pengine popote, kwa sababu niliona ndipo alipojishughulisha zaidi.

"Ulikuwa wa chumba changu," akasema Mama Miwani. "Nyumbani kwetu, kabla sijaolewa. Alikuja ameubeba begani, jasho linamtiririka. Bawaba alikuwa amezitia upande usio. Kila ukifunguliwa unagonga kitanda. Baba yangu akasema fundi asiyejua kulia na kushoto haoi hapa."

Kikombe cha chai kilikuwa bado mkononi mwangu. Nikakiweka chini.

"Kwa hiyo kulia na kushoto nakujua, dada. Tangu zamani. Picha nilijua zinageuka." Akaushika ule ukingo tena, kwa kiganja kizima sasa. "Nilipogusa hapa na kuona ni huu, sikuweza kuwaachia waukate. Nikasema lolote lililonijia."

"Halafu baba yako akafanyaje?"

"Tukamrudishia," akasema. "Mlango, na posa yake."

Sebuleni watu walikuwa wanakunywa chai. Mhariri alikuwa anamsomea mtu shairi la jeraha. Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika birika asimimine, nikajua amesikia kila neno.

Huu hauna mwenzake. Wiki ile ile tuliyooana.

Patasi alimtazama Mama Miwani, akanitazama mimi, akautazama mlango. Maskini, kazi yake yeye ni kukata tu.

"Sasa, Bibi," akauliza, "huu nifanyeje? Niurudishe kwenye bawaba, au niupakie kwenye gari?"

Nikanyoosha mkono.

"Nipe huo msumeno."